Kwaresima Ile Nilipoacha Vidonge

Editha mwanangu,

Salamu siandiki, maana uko chumba cha pili na nakusikia unavyogeuka kitandani. Ukiniuliza asubuhi nilikuwa nafanya nini na taa nitasema nilikuwa namwandikia bibi yako. Utajua ni uongo, bibi yako hasomi bila miwani na miwani yenyewe ameikalia.

Mambo ya blanketi, ya kufuli la begi, ya wavulana, ya kutokula chakula cha stendi, bibi aliyamaliza yote Jumapili pale Mpitimbi, akayarudia tulipokuwa tunaaga, akayarudia tena kwenye simu. Mimi siyagusi. Nina jambo moja ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miaka tisa, na hata sasa kalamu iko mkononi sijui nalishika upande gani. Kichwa changu unakijua. Nikirudi nyuma au nikiruka, nivumilie, nitafika.

Jumanne ile nilipokuwa nachambua mboga ulikuja ukasimama mlangoni.

"Mama, naomba niahirishe mwaka mmoja. Chuo hakikimbii."

"Na wewe hukimbii? Utaenda."

"Nani atabaki anakuangalia?"

"Mimi mtoto mchanga? Jina limetoka Mbeya, utaenda Mbeya."

Ukasema taratibu, bila jeuri yoyote: "Mara ya mwisho nilipokuacha peke yako unajua kilichotokea." Na ukavuta mkono wa sweta ukafunika kovu. Wala hukunionyesha, Editha. Ulilificha, kama mtu anayeficha kitu alichoiba.

Niliinuka nikaenda nje, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliogopa, kwa sababu hapo ndipo nilipoona kwamba wewe hubaki hapa Mjimwema kwa kunipenda tu. Umefungwa. Na kamba ni ya kwangu.

Nianze na unayoyajua, ili nipate nguvu ya kufika kwenye usiyoyajua.

Wewe ulipokuwa mdogo nilikuwa nachambua maharage kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja hapa mjini. Tunakaa wanawake kumi na kitu kwenye magunia, nyungo mapajani, mabovu huku, mazima huku, mawe pembeni. Siku moja msimamizi akanisimamia. "Mama Editha, hii ni kazi gani?" Nikaangalia ungo wangu. Mabovu na mazima nilikuwa nimeyachanganya pamoja, vizuri kabisa, kwa mikono yangu mwenyewe, na sikumbuki hata harage moja. Wenzangu wakacheka. "Muache huyo, alikuwa Tunduru kwa mume wake!" Baba yako ndiyo kwanza alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya huko, na habari za mwanamke mwingine zilikuwa zimeshatufikia. Nikacheka nao. Ningefanyaje? Lakini moyoni nikajiuliza: kama mimi sikuwepo, nani alikuwa anachambua?

Swali hilo sijapata jibu lake mpaka leo. Naliandika kama lilivyo.

Baadaye nikaanza kuzijua dalili. Kwanza harufu ya mahindi mabichi yanayoungua, hata kama hakuna moto. Halafu kitu kinapanda kutoka tumboni kama pale unaposhuka mteremko na baiskeli. Na kabla sijaondoka kabisa kulikuwa na kipande kidogo, sijui sekunde ngapi, ambacho sikuwahi kukuambia. Wewe uliona nje tu. Uliona mama ametoa macho, anatafuna na hana kitu mdomoni. Ndani yake, Editha, kulikuwa na amani ambayo sijawahi kuipata mahali pengine, si kanisani, si siku uliyozaliwa. Ilikuwa kama nuru, ila si ya machoni. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hata umaskini wangu ulikuwa mahali pake. Hata baba yako. Halafu giza, halafu sura za watu na ladha ya chuma mdomoni.

Nilimwambia Mama Haule, jirani yetu. Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Mwenzetu, wewe unaonyeshwa." Unajua Mama Haule hawezi kukaa na neno. Wiki haikuisha, wanawake wakaanza kuja. Mmoja ana mimba zinatoka, mwingine mwanawe hasikii. Wananishika mkono, wananiita mama, watu wazima kuliko mimi. Mimi ni msichana niliyeacha shule kidato cha pili na tumbo mbele. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hata njia ya kwenda sokoni. Sasa nikifunga macho watu wananyamaza.

Nilipenda. Sitaki kukudanganya leo. Nilipenda sana.

Halafu nikaanguka bombani mbele ya watu, nikajikojolea, nikapasuka ulimi, wakanipeleka hospitali. Yule sista wa kliniki, mnene, anayeongea kama ana haraka ya basi, akasema ni kifafa. Akanichorea ubongo nyuma ya kadi. "Humu ndani mna umeme mdogo, kila mtu anao. Wako kuna kona moja unawaka bila ratiba. Ukibaki kwenye kona, unazubaa tu na kutafuna. Ukisambaa kote, unaanguka."

"Na ile amani?"

"Inatoka kwenye kona hiyohiyo. Si wote wanaoipata."

"Kwa hiyo si Mungu?"

Akaweka kalamu chini. "Mama, mimi najua vidonge. Hilo jingine kamuulize padri."

Nilimuuliza katekista kwanza, maana padri nilimwogopa. Akasema ngoja aende akaulize. Mpaka leo anakwenda kuuliza.

Vidonge vilifanya kazi. Hiyo nayo niiseme, usije ukadhani navidharau. Nikawa naondoka mara moja kwa mwezi badala ya kila siku ya tatu. Na sista akataka daftari: siku, saa, nilikuwa nafanya nini, ilichukua muda gani. Nikamwambia mimi nitaandikaje na mimi ndiye siko? Akakuangalia wewe, ulikuwa na miaka saba, umekaa kwenye benchi unabembea miguu. "Huyu hajui kuandika?" Ukasema, "Najua, hata herufi za kuunganisha."

Ndivyo ulivyopata kazi. Daftari lile bado ninalo. "Mama kaondoka. Anavuta kifungo cha gauni. Nimehesabu mpaka sitini na nne. Karudi. Kaniita shangazi." Halafu unaniuliza, "Mama, ukiondoka unakwenda wapi?" Nakujibu, "Nakwenda Mpitimbi kumsalimia bibi." Siku moja ukanishika: "Mbona hujarudi na ndizi?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini mtoto wa miaka saba kuhesabu sekunde za mama yake, ile haikuwa kazi ya mtoto. Niliiona ni mzaha kwa sababu ulikuwa unaifanya vizuri.

Sista alinipa na zoezi jingine, ambalo nililidharau. "Mara kadhaa kwa siku, simama hapo ulipo. Jiulize: niko wapi? Mikono inafanya nini? Nasikia nini? Usiombe, usiwaze, angalia tu. Ukizoea kujiona ukiwa mzima, utaiwahi ile harufu inapokuja, ukae chini kabla hujaangushwa." Nilifanya kwa kulazimishwa. Na nikagundua jambo lililonitisha kuliko kifafa: nilikuwa siko muda mwingi. Bila ugonjwa wowote. Naosha vyombo, akili iko Tunduru inagombana na mwanamke nisiyemjua. Nakusuka nywele, unanisimulia ya shule, nasema "enhee", na sijasikia hata neno moja. Sekunde sitini na nne ulizihesabu. Hizo nyingine nani angezihesabu?

Sasa nafika. Subiri, nimesimama kwanza kunywa maji.

Ulikuwa na miaka kumi kasoro. Kwaresima ilianza, watu wakataja wanachojinyima. Mama Haule akaacha sukari. Bibi akaacha pombe yake ya ugimbi, siku nne. Mimi nikasema nimeacha nyama, na watu wakanicheka maana nyama yenyewe tulikuwa tunaiona Krismasi. Kweli yake ni kwamba niliacha vidonge.

Nilijiambia ni mfungo. Nilijiambia kwamba namwachia Mungu nafasi: siku arobaini bila dawa, na kama ile nuru ni yake atanionyesha. Nilikuwa nakiweka kidonge mdomoni mbele yako, kwa sababu ulikuwa unanikagua, halafu nakwenda kukitemea nyuma ya choo. Ulikuwa unaandika kwenye daftari "amekunywa". Nilikufanya uandike uongo usioujua.

Na hata hilo la mfungo lilikuwa nguo tu. Nikilivua, chini yake kuna hili: niliikosa ile amani. Vidonge viliniacha na maisha yangu kama yalivyo, magunia, ungo, chumba kimoja kinachovuja, na hakuna kilichokuwa mahali pake. Wanawake nao waliacha kuja. Nilitaka kuondoka. Basi. Si kufa. Kuondoka kidogo.

Siku ile ya maji unaikumbuka kwa upande wako. Ulimaliza kuosha sufuria, ukaniomba uende kucheza rede kwa kina Mama Haule, nikakuambia nenda. Mimi ndiye niliyekuambia nenda. Ulikuwa unaonekana pale kupitia ua uliobomoka, umeikunja sketi yako, unakwepa mpira unapiga kelele. Nilikuwa nimeweka maji ya ugali kwenye jiko la nje, sufuria kubwa, yanatokota. Ikaja harufu.

Nilikuwa na muda, Editha. Hili ndilo jambo lenyewe. Nilikuwa nimejizoeza miezi mingapi, niko wapi, mikono inafanya nini. Niliijua ile harufu kama ninavyoijua sauti yako. Nilitakiwa nikae chini, mbali na moto, nikuite. Sikukaa. Nilishika sufuria niitue, na nikasimama hivyo, nimeibeba, kwa sababu tumboni kulikuwa kumeanza kupanda na nilijua kinachofuata, na nilijua nikiita au nikisogea kitakatika. Nilisimama nikaingoja. Kama mtu anayengoja mgeni wake mlangoni.

Na ilikuja. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Wewe uliacha mpira ukakimbia, ukajipenyeza kwenye ua, ukanishika kiunoni unisaidie kukaa. Maji yakaenda kwako.

Mimi sikupata hata lengelenge.

Kule wodini siku ya tatu, mkono umefungwa, ulikuwa unanitazama tangu asubuhi kama una jambo. Nikadhani unataka soda. Ukasema, "Mama, nisamehe. Nilienda kucheza rede."

Na mimi nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu."

Nimeliandika hilo neno na nimeliangalia hapa muda mrefu. Nilikusamehe. Wewe, uliyeungua. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na hofu, bibi yako alikuwa amesimama pale pale anasikiliza, na msamaha ulikuwa rahisi kutoka mdomoni kuliko kweli. Uliposikia ulilala. Ulilala usingizi mzito, na mimi nikajiambia, unaona, umemsaidia.

Tangu siku hiyo hukucheza tena rede. Ulipochaguliwa kwenda bweni ukasema unaumwa na kelele za watu wengi, ukaomba ubaki kutwa hapa hapa Songea. Wenzako walikuita kwenye bembea, walikuita ngomani, ulikuwa na jibu moja, "mama yuko peke yake." Watu wakanisifu: una binti mwenye akili, anakujali. Nilikubali sifa hizo. Kila nilipofungua mdomo nikwambie, niliona umetulia, nikasema, nitamvurugia. Sijui kama nilikuhurumia wewe au nilijihurumia. Nimejiuliza mara nyingi na majibu yanabadilika kulingana na siku.

Yule sista nilimwambia wiki ileile. Mtu wa kwanza na wa mwisho mpaka usiku huu. Nilingoja anifokee, maana anajua kufoka. Akauliza tu, "Unaikosa?"

"Naikosa."

"Wengi wanaikosa, hawasemi. Haya, tuandike na hilo." Akaandika kwenye kadi. Sijui aliandika neno gani. Nililia kwa sababu liliandikika.

Sikubadilika siku hiyo. Nilizoea kusikia watu wakishuhudia kwamba jana nilikuwa hivi, leo ni kiumbe kipya, nikadhani ndivyo inavyokuwa, unalala mmoja unaamka mwingine. Mimi niliamka yuleyule. Ila baada ya kama mwezi hivi, natoka bombani na ndoo kichwani, ikaja harufu. Nikasimama. Nilisimama kidogo, nakiri, nikaonja. Halafu nikatua ndoo, nikakaa kwenye matope, nikaita "Editha!" kwa sauti mpaka mbuzi wa watu wakakimbia. Ile kelele iliikata nuru katikati. Niliililia kuliko nilivyomlilia baba yako. Ulikuja na mkono wako wa bandeji ukanifuta matope usoni, ukasema, "Umewahi, mama." Mara ya pili nikawahi zaidi. Mara ya kumi sikuonja. Ndiyo mabadiliko niliyo nayo, hayazidi hapo.

Unaposema sasa siwezi kubaki peke yangu, jua kwamba mwezi uliopita ilikuja mara mbili wewe ukiwa mjini. Nilikaa chini, ikapita, nikainuka nikaendelea kufua. Sikukuambia kwa sababu ungefungua daftari. Vidonge nakunywa, nameza kweli. Mama Haule anapita asubuhi na jioni, na tangu nilipomwambia ni kifafa hakunisema vibaya, alisema tu, "Basi nilikuwa naombewa na mgonjwa," akacheka mpaka akashika ukuta.

Unakwenda kusomea utabibu. Watakufundisha majina ya kona zote za ubongo, na utaniambia yangu inaitwaje. Nitafurahi. Ila mimi bado sielewi, na sidhani kama jina litanisaidia. Wakisema ni umeme, nakubali, niliona vidonge vikiuzima. Lakini aliyesimama na sufuria akangoja, yule alikuwa nani? Umeme ulikuwa haujafika bado. Nilikuwepo mimi, mzima, nikajichagulia. Na aliyekaa kwenye matope akaita, ni yuleyule au ni mwingine? Na kama ile amani ilitoka kwenye kona mbovu, mbona ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuonja? Wakati mwingine nikisali sasa hivi, kimya, bila kitu, nahisi nimeachwa. Wakati mwingine nahisi ndiyo kwanza nasali. Sijui. Ungetegemea mama ajue.

Siku atakapokuja mbele yako mgonjwa wa namna yangu, akakunong'oneza kwamba kabla ya kuanguka anaona raha, usimcheke. Usimpigie magoti pia. Muulize kama anaikosa.

Sasa lile la wodini. Msamaha ule niliokupa naufuta. Hukuwa na kosa. Mtoto aliomba ruhusa ya kwenda kucheza, akaruhusiwa, akacheza, akaona mama yake amesimama vibaya karibu na moto, akaacha mchezo akakimbia kumshika. Hayo ndiyo uliyofanya, yote, hakuna lingine. Lililobaki ni la kwangu. Nilikuachia ulibebe wewe kwa sababu nilikuwa nimechoka na lilikuwa zito, na wewe hukulalamika.

"Nisamehe" siombi. Nimeanza kuliandika neno hilo mara tatu nikalifuta, ndiyo maana karatasi imechafuka hapa. Naona nikiliomba usiku huu utanipa haraka, ndivyo ulivyo, utanipa ili nilale, na tutakuwa tumerudi kulekule wodini, tumebadilishana vitanda tu. Usinipe kitu. Kwanza ukasirike. Sijawahi kukuona umenikasirikia, miaka tisa, na hiyo si tabia njema kama watu wanavyosema. Huo ni mzigo.

Barua naiweka chini kabisa ya begi, chini ya vitabu, sio mfuko wa juu. Ukiikuta njiani utashuka Njombe na kupanda gari la kurudi, nakujua. Nataka uikute ukiwa umefika, umepewa kitanda, mlango umefungwa.

Ukishasoma usirudi. Hilo nakwambia kama mama, na halina mjadala. Ukitaka kunigombeza, piga simu. Hata kama ni usiku, hata kama unapiga kelele na wenzako wanasikia. Sitasema "enhee" nikiwa mahali pengine. Nitakaa chini, nitaishika simu kwa mikono miwili, na nitakuwepo mpaka umalize.

Mama yako